Mdeni Wako Mkubwa Anaishi Jikoni Kwako

Hebu nikuulize kitu, na unijibu kwa ukweli. Wiki jana kazi yako ya nyumbani ilikuingizia pesa ngapi? Sitaki makisio, nataka shilingi kamili. Na kati ya hizo, ngapi zilikuwa faida?

Ukikwama hapo, karibu, tuko wengi. Mimi nilikwama mwaka mmoja na nusu, na nina digrii ya uuzaji. Ungeniamsha usiku ningekueleza jinsi ya kugawa soko na kupanga bei, lakini mandazi yangu mwenyewe sikujua yananigharimu ngapi.

Nilimaliza chuo, nikatuma barua za kazi mpaka nikazoea kimya, mtoto akaja, nikaanza na nilichokuwa nacho: jiko, mikono na simu. Alfajiri napika mandazi ya kupeleka kwa vibanda viwili vya mtaa wetu hapa Ruiru. Wikendi naoka keki za oda. Baba mtoto yuko kwa mambo ya ujenzi, wiki moja kazi iko, wiki nyingine hakuna.

Pesa zote zilikuwa zinaingia kwa laini moja. Za mandazi, za keki, za matumizi akituma baba mtoto, za chama zamu yangu ikifika, hata za dadangu akinirudishia deni. Na kwa laini hiyo hiyo zinatoka: tokeni, maji, daipa, unga wa biashara, unga wa ugali, sadaka, nauli ya kliniki. Ni kama kupika chai, maharagwe na samaki kwa sufuria moja halafu ushangae mbona chai ina harufu.

Mwaka jana mwezi wa nane mteja mmoja aliagiza keki tatu za sherehe ya mtoto wake. Akanitumia nusu ya malipo, 4,500, ninunue vifaa. Sasa, wiki hiyo stima ilikuwa imeisha usiku na mtoto ana homa, kwa hivyo nilikuwa nimechukua ule mkopo wa kujaziwa salio ili nilipe tokeni na dawa. Kesho yake nikauchukua tena kwa unga. Kesho kutwa tena. Zile 4,500 zilipoingia, deni likajilipa kwanza, nikabaki na 1,300 na kitu.

Sikuwa nimeibiwa. Masharti nilikuwa nimeyakubali mwenyewe, na deni ni deni. Lakini pesa ya mteja ilikuwa imelipa stima ya nyumba yangu, na keki zake hazikuwa na mayai.

Nilimpigia mama mkwe, nikameza aibu, akanitumia. Keki zilitoka, zikiwa zimechelewa saa tatu. Yule mteja hakuniambia neno baya hata moja. Hakurudi tu.

Tangu siku hiyo nina msimamo wangu, na ndio nataka kukuuzia leo. Kila mtu anayemshauri mama kuhusu pesa huanza na "punguza matumizi." Kwa mama anayefanyia kazi nyumbani, naona ushauri huo unaanzia mahali pabaya. Wengi wetu hatuna matumizi ya kupunguza. Shida yetu ni kwamba nyumba inachukua kutoka kwa kazi kila siku na hakuna anayeandika. Jirani akichukua mandazi kumi kwa mkopo, unamkumbuka mpaka mwisho wa mwezi. Nyumba yako ikichukua hayo kumi, unasema "si ni ya watoto."

Nyumba inakopa na haiandikiwi

Baada ya ile aibu ya keki nilichukua daftari la mtoto la kuchorea, nikaandika kwa wiki nne kila kitu kilichotoka kwa biashara kikaingia nyumbani. Sikuzuia chochote. Niliandika tu.

Mandazi tuliyokula wenyewe: 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa shilingi 10. Hiyo ni 480 kwa wiki, 1,920 kwa wiki nne. Sehemu ya mtungi wa gesi iliyopika chakula chetu: 1,200. Unga, sukari na mafuta niliyochota kutoka kwa stoku ya biashara: 1,440. Tokeni zilizolipwa na pesa ya mandazi: 1,200. Jumla, 5,760.

Mtu akiniuliza faida yangu kwa mwezi, nilikuwa nasema "kidogo tu, kama thao mbili hivi." Kumbe faida ilikuwa 7,760, ila 5,760 zilikuwa zinaliwa kabla sijaziona.

Fikiria tofauti ya sentensi hizo mbili. Ukiamini unapata elfu mbili, unaweza kuamua kuacha. Unajiambia hii kazi haina maana, afadhali nikae tu. Nina jirani anayeshona yunifomu nyumbani, mama wa watoto watatu, na karibu auze cherehani yake kwa sababu hiyo hiyo. Tulipokaa na kuhesabu, ilibainika kwamba yunifomu za watoto wake mwenyewe, za watoto wa dada yake na za "nitakulipa mwisho wa mwezi" zilikuwa zimekula faida ya karibu muhula mzima. Cherehani haikuwa na makosa.

Tenganisha mfuko kwanza

Usijaribu kutenganisha pesa kwa kichwa. Nilijaribu. Unajiambia "hii mia tano ni ya biashara," halafu mtoto anaanza kuhara, na mia tano haina jina usoni.

Tenganisha mahali pesa inapoingia. Mimi nilichukua namba ya till ya biashara ndogo, na nikawaambia wateja wote, hata shangazi: ukinilipa keki au mandazi, lipa kwa till. Laini yangu ya kawaida ikabaki ya nyumba. Kama till hujafikia, hata laini ya pili kwa simu hiyo hiyo inatosha kuanza.

Faida yake ya kwanza ni ile niliyoikosa mwezi wa nane: pesa ya mteja iliyo kwa till haikutani na deni langu la nyumbani ikiwa njiani. Lakini uwe makini, ukiihamisha kwenda kwa laini yenye deni la kujaziwa salio, deni litajilipa hapo hapo. Kwa hivyo nikitaka unga, namlipa mwenye duka moja kwa moja kutoka kwa pesa ya biashara badala ya kuipitisha kwa laini yangu. Kabla ya kuanza, soma jedwali la ada la huduma unayotumia, ujue kutoa na kuhamisha kunakukata ngapi. Ada ndogo ndogo nazo ni gharama ya biashara, ziandike.

Najua kuna wanaosema, "Nikichukua till, KRA watanikujia." Tuongee ukweli. Kodi ya mauzo, ile inayoitwa TOT, inahusu biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na ni asilimia 3 ya mauzo. Mandazi ya 1,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni kama 312,000 kwa mwaka. Na kama una PIN, ritani unatakiwa kuwasilisha kila mwaka kabla Juni 30 haijapita, uwe na till au usiwe nayo. Kuogopa rekodi hakukuondolei wajibu huo. Kunakuacha tu bila namba za kujaza siku ukiulizwa.

Jilipe mshahara, hata ukikuchekesha

Sasa hapa ndipo watu hunicheka. Kila Jumamosi jioni natoa 1,000 kutoka kwa till kwenda kwa laini yangu. Ni mshahara wangu, kwa wiki nne ni 4,000. Na mandazi tunayokula nyumbani nayalipia. Ndiyo, natoa pesa kwa laini yangu, nalipa till yangu mwenyewe. Mara ya kwanza baba mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini tazama kilichotokea. Siku nilipoanza kulipia, mandazi ya nyumbani yalitoka 8 yakawa 6. Hakuna aliyelala njaa, ni kwamba sasa tulikuwa tunaamua. Na kilichobaki kwa till baada ya mshahara kinajulikana kazi yake: kununua stoku ya wiki inayofuata, na akiba kidogo ya siku ile mtungi utaisha katikati ya oda.

Kwa nini mshahara? Kwa sababu kazi isiyolipwa haiheshimiki, hata na anayeifanya. Ukichota pesa ya biashara hapa mia, pale hamsini, utakuwa umejilipa na zaidi, lakini moyoni unahisi hujawahi kulipwa. Afadhali 500 inayojulikana kuliko 1,500 iliyopotea kwa vijisehemu. Na kama wiki imekuwa mbaya, jilipe 200. Ukikosa kabisa, andika sifuri. Sifuri iliyoandikwa inakufundisha kitu, na ukiisahau haikusaidii.

"Mama, si pesa ni yetu?"

Hili ndilo swali gumu, na sitalipitia kando. Wiki ya kwanza ya till, baba mtoto aliniuliza, kwa upole lakini aliniuliza: "Mama, si pesa ni yetu? Sasa mbona unaziwekea mlango?"

Namuelewa. Mke akianza kuwa na mfuko wake, watu huanza kuongea. Na kusema kweli, kuna wanaoficha. Lakini kutenganisha na kuficha ni mambo mawili. Kitu kilichofichwa hakina daftari. Nilimwonyesha daftari langu la wiki nne pamoja na taarifa ya miamala kwa simu, nikamwacha asome. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe hii nyumba tunailisha wawili."

Jameni, mwaka na nusu nilikuwa namka saa kumi alfajiri, na yeye, mtu mwema kabisa, alikuwa anaamini kwamba mimi "najishughulisha kidogo." Hakuwa na ubaya. Hakuwa tu ameona, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeona. Siku hizi Jumapili jioni, mtoto akilala, tunakaa dakika ishirini na simu zetu mbili. Yeye anasema wiki hii kibarua kilitoa ngapi, mimi nasema till ilifanya ngapi, tunagawana nani analipa nini. Namba ya siri kila mtu ana yake na inabaki yake. Tunachoshiriki ni hesabu.

Na kuna jambo la sheria ambalo kila mama wa kazi ya nyumbani anafaa kulijua. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kwamba mchango kwa mali ya familia si pesa peke yake. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara au mali ya familia na kulima shamba, zote zinahesabika. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba, kifungu cha 45(3), haumaanishi kila mmoja anapata nusu moja kwa moja. Kila mmoja anatakiwa kuonyesha alichochangia.

Kuonyesha. Soma neno hilo mara mbili. Siandiki haya ili mtu aanze kujiandaa kwa talaka, Mungu apishe mbali. Ndoa nyingi zinaisha kwa kifo, si kwa ugomvi, na siku hiyo ndugu wakikaa kikao, "alikuwa anasaidia saidia" si jibu. Hata ukienda sacco kuomba mkopo wa oveni, watakuuliza rekodi. Taarifa ya miamala ya miaka mitatu kutoka kwa till inaongea kwa niaba yako wakati ambapo wewe huna nguvu ya kuongea.

Kinachokuja kila mwaka si dharura

Karo inatushtua mara tatu kwa mwaka na mihula imekuwa mitatu tangu tukiwa watoto. Hapo ni sisi. Kama karo ya muhula ni 13,000 na zimebaki wiki 13 kabla ya kulipa, hiyo ni 1,000 kwa wiki. Shule nyingi zina namba ya Paybill, na nyingi zinakubali upeleke kidogo kidogo. Uliza. Pesa iliyokwisha ingia kwa akaunti ya mtoto shuleni haiwezi kuliwa na sherehe ya Jumamosi.

Bima ya afya ya SHA nayo ni hivyo. Kwa sisi tusio na payslipu, mchango unakadiriwa kulingana na kipato cha nyumba, haupungui shilingi 300 kwa mwezi, na umewekwa kulipwa kwa mwaka. Kiwango cha chini basi ni 3,600. Ukiitazama 3,600 kwa siku moja, inatisha. Ukiiweka kando kila wiki, ni kama 70, yaani mandazi saba. Kiwango chako kikiwa juu zaidi, gawanya kwa 52 vivyo hivyo.

Mimi nina akiba mbili kwa simu, zote nimezifunga kwa tarehe ili mkono usifike: moja ya karo, kwa sababu mtoto ataanza chekechea, moja ya afya. Na chama? Sijatoka chamani, sitatoka. Chama kinakupa watu, na watu ni akiba pia. Lakini zamu yangu ikifika, pesa inajua inaenda wapi kabla haijaingia.

Deni lililo na kazi, na deni lisilo na kazi

Sitakuambia usikope. Ningekuwa mnafiki, na mwenye njaa haambiwi asubiri. Nakuambia ujue mkopo unaenda kufanya nini.

Ukikopa 2,000 Ijumaa ununue vifaa vya keki uliyolipwa nusu, na Jumapili unalipwa iliyobaki, deni hilo lina kazi na linajua njia ya kurudi. Ukikopa 2,000 ya tokeni na mboga, hakuna kitakachozaa ya kulipia. Utaichukua tena. Tuseme ada ni asilimia 8 kwa siku 30. Ni 160, haitishi. Lakini ukikopa, ukalipa, ukakopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa ada 1,920. Karibu ulipie mkopo wenyewe mara ya pili, na mwezi wa kumi na tatu bado huna 2,000 yako. Kama unajikuta hapo, usijilaumu. Punguza mkopo huo kwa mia mia kila mwezi. Mwezi huu kopa 1,900, ujao 1,800. Mimi nilitoka hivyo, ilinichukua muda, lakini nilitoka.

Na ukikopa kwa programu ya simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa wakopeshaji wa kidijitali, na orodha ya walioidhinishwa iko wazi kwa yeyote. Asiyekuwa hapo, hata akikupa ndani ya dakika moja, muache na dakika yake.

Mwisho, nisikudanganye

Daftari haliongezi pesa. Kuna wiki mvua inanyesha alfajiri, vibanda havifungui, mandazi yanarudi yote, na hakuna till duniani itakayobadilisha hilo. Kuna mama anayesoma hapa ambaye kinachoingia hakitoshi hata kula, na kumwambia agawanye mifuko mitatu ni kumtania. Kwako wewe nasema kitu kimoja tu: andika nyumba inachokula kutoka kwa kazi yako. Usizuie, andika. Ili siku mtu akikuambia, au ukijiambia mwenyewe, kwamba hufanyi kitu, uwe na jibu lenye tarakimu.

Kwa sisi wengine ambao kidogo kinaingia, anza leo usiku mtoto akilala. Fungua taarifa ya miamala ya siku saba zilizopita. Kila kilichoingia, jiulize: hii ni ya kazi au ya nyumba? Kila kilichotoka, jiulize hivyo hivyo. Weka alama kwa kalamu. Kesho omba till au washa ile laini ya pili. Jumamosi ujilipe, hata kama ni mia mbili.

Na yale mandazi ya nyumbani, mama, yalipie. Utacheka mara ya kwanza, kama tulivyocheka sisi. Mara ya nne utakuwa umejua unapata ngapi.